Kisumu hadi Mombasa kwa ndege: dakika 85 angani, saa sita kutoka Kericho

Chukua ramani ya Kenya na rula, kisha upige mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu hadi ule wa Mombasa. Mstari huo hautapita mbali na nyumbani. Utaingia Kaunti ya Kericho upande wa Belgut, upite karibu na Kabianga, uache mji wa Kericho kaskazini na Litein kusini, kisha ukate upande wa Konoin katika Kaunti ya Bomet kabla ya kuingia msitu wa Mau. Kwa mwendo wa ndege ya abiria, kutoka Kisumu hadi juu ya majani chai ya Kabianga ni kama dakika kumi.

Mkazi wa Kericho aliyeketi ndani ya ndege hiyo ametumia saa mbili barabarani kuteremka hadi Kisumu, yaani kuelekea magharibi, ilhali Mombasa iko kusini mashariki. Dakika kumi baada ya kupaa, anarudi juu ya boma lake.

Hilo si kosa la mtu yeyote. Ndivyo viwanja vilivyokaa. Lakini ndilo jambo ambalo wasafiri wengi hawalipigii hesabu wanapoona kwenye tiketi kwamba safari ni ya saa moja na dakika kadhaa. Kuna waliofika kaunta ikiwa imefungwa, na wengine walionunua tiketi mbili ambazo hazingeweza kuungana. Makala haya yanaeleza umbali wenyewe, muda wa kuruka unavyopatikana, na saa ambazo msafiri wa Kericho au Bomet anapaswa kuzitenga tangu anapotoka mlangoni pake.

Umbali wenyewe

Kutoka uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kisumu hadi uwanja wa kimataifa wa Moi, Mombasa, ni takriban kilomita 695 kwa mstari ulionyooka. Marubani hawahesabu kwa kilomita. Hutumia maili ya baharini, ambayo ni sawa na kilomita 1.852, na kwa hesabu yao safari hii ni maili 375.

Kwa barabara mambo ni tofauti. Kutoka mjini Kericho kupitia Nakuru na Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 750. Tofauti kati ya 695 na 750 si kubwa kama mtu anavyoweza kudhani, na sababu ni kwamba barabara kuu ya kutoka magharibi hadi pwani inafuata mwelekeo uleule wa mstari wa rula, ukiondoa mzunguko wa Nakuru. Kwa hiyo ndege haimpunguzii msafiri kilomita nyingi. Inachompunguzia ni saa, na hata hizo si kwa kila safari, kama itakavyoonekana.

Wakazi wa Londiani na Kipkelion huuliza mara nyingi kuhusu Eldoret. Uwanja wa Eldoret uko takriban kilomita 690 kutoka Mombasa, yaani karibu sawasawa na Kisumu. Tofauti ya kilomita tano angani ni chini ya dakika moja. Anayechagua kati ya viwanja hivi viwili basi asiangalie ramani ya anga. Aangalie barabara ya kufika uwanjani, siku ambazo kuna ndege, na nauli.

Muda wa kuruka unatoka wapi

Safari za ndani za masafa haya nchini Kenya hufanywa sana na ndege za propela. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza safari mwaka wa 2014, hutumia Dash 8-400. Ndege hiyo ikishatulia juu inaweza kwenda hadi karibu noti 360, ambayo ni kama kilomita 660 kwa saa. Ukigawa 695 kwa 660 unapata saa moja na dakika tatu. Mbona basi ratiba huonyesha kati ya saa moja na dakika 20 na saa moja na nusu?

Kwanza, ndege haiendi kwa mwendo huo tangu mwanzo. Inapaa polepole ikiwa nzito kwa mafuta, na kushuka nako kunahitaji nafasi. Kanuni ambayo marubani hufundishwa ni kwamba kila futi 1,000 za kushuka zinahitaji kama maili tatu za baharini kwenda mbele. Ndege iliyo futi 23,000 juu ya usawa wa bahari ikielekea Mombasa, uwanja ulio karibu kabisa na usawa wa bahari, inahitaji takriban maili 70, sawa na kilomita 130. Kwa maneno mengine, rubani huanza kushuka ndege ikiwa bado maeneo ya Voi. Abiria wanaohisi masikio yakiziba wakati chini hakuonekani ila nyika ya Tsavo wasishangae. Safari inakaribia mwisho.

Pili, muda ulioandikwa kwenye ratiba si muda wa kuwa angani. Unahesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama upande wa pili. Ndani yake kuna kusubiri zamu ya kuruka, kutembea kwenye lami, na mara nyingine kuzunguka kidogo kabla ya kuruhusiwa kutua. Kampuni nazo huweka dakika chache za ziada ili kuchelewa kidogo kusivuruge safari inayofuata. Ndiyo maana wakati mwingine ndege huondoka ikiwa imechelewa dakika kumi na bado ikafika kwa wakati.

Tatu ni upepo. Juu ya Afrika Mashariki, karibu na ikweta, upepo wa juu kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki, na kwa kawaida si mkali. Ndege inayotoka Kisumu kwenda Mombasa aghalabu huupinga, ile inayorudi husukumwa nao. Kwa upepo wa kilomita 30 kwa saa na ndege yenye mwendo wa 600, tofauti kati ya kwenda na kurudi ni kama dakika saba. Kati ya London na New York, ambako kuna mikondo ya upepo yenye nguvu kubwa, tofauti hiyo huweza kufika saa nzima na zaidi. Huku kwetu upepo si sababu ya kutosha ya mtu kuchelewa mkutano.

Mvua ndiyo sababu. Hakuna haja ya kumweleza mkulima wa chai wa Kericho jinsi mawingu yanavyojikusanya alasiri, wala mvua ya mawe inavyoweza kuchana majani ya shamba zima kwa robo saa. Mawingu hayohayo ya radi, yanayokuzwa na unyevu wa Ziwa Victoria na miinuko ya Nandi na Kericho, ndiyo ambayo marubani huyakwepa. Kuyazunguka huongeza dakika chache. Yakikaa juu ya uwanja wenyewe, ndege inaweza kusubiri chini hadi yapite. Kwa kawaida asubuhi huwa shwari zaidi kuliko alasiri, na mwenye shughuli isiyoweza kuahirishwa ana sababu nzuri ya kuchagua ndege ya mapema.

Kupitia Nairobi: kilomita saba zaidi, saa mbili au tatu zaidi

Si kila siku utapata ndege ya moja kwa moja kati ya Kisumu na Mombasa. Ratiba za safari hizo hubadilika msimu hadi msimu, na abiria wengi hulazimika kubadilisha ndege Nairobi. Hapa kuna jambo ambalo ramani inaonyesha na watu hawalitarajii. Kutoka Kisumu hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni takriban kilomita 280. Kutoka hapo hadi Mombasa ni takriban 422. Jumla ni 702. Nairobi iko karibu juu ya mstari uleule wa rula, kwa hiyo kupitia huko kunaongeza kilomita saba tu.

Muda ni hadithi nyingine. Kisumu hadi Nairobi ni kama dakika 50 kwenye ratiba, Nairobi hadi Mombasa ni kama saa moja. Sehemu ya kwanza ni fupi kiasi kwamba ndege haimalizi kupaa vizuri kabla haijaanza kushuka. Katikati kuna kusubiri, ambako mara chache huwa chini ya saa moja na nusu kwa mtu anayetaka usalama wa kutoachwa. Safari ya dakika 85 inakuwa ya saa tatu na nusu hadi nne na nusu.

Mwenye tiketi moja inayounganisha ndege zote mbili, kutoka kampuni moja au kampuni zinazoshirikiana, huwa na nafuu. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni kazi ya waliouza tiketi kumtafutia nyingine. Aliyenunua tiketi mbili tofauti kwa kampuni mbili tofauti kwa sababu zilikuwa rahisi, hesabu ni yake mwenyewe. Kwa kampuni ya pili yeye ni abiria ambaye hakutokea, na aghalabu nauli hiyo imepotea.

Kuna mtego mwingine mdogo unaogharimu pesa nyingi. Nairobi ina viwanja viwili vya safari za ndani. Baadhi ya ndege za Kisumu hutua Wilson, kwenye barabara ya Lang'ata, si Jomo Kenyatta. Viwanja hivyo viko kama kilomita 12 kimoja kutoka kingine kwa mstari ulionyooka, lakini kwa msongamano wa magari wa Nairobi hakuna anayeweza kuahidi muda wa kufika. Tiketi huandika kwa herufi tatu: NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson. Kisumu ni KIS, Eldoret EDL, Mombasa MBA. Ukiona umefika WIL na unaondokea NBO, tenga angalau saa nne, au badilisha tiketi kabla ya kulipa.

Saa za msafiri

Sasa hesabu ya nyumbani. Kutoka mjini Kericho hadi uwanja wa Kisumu ni takriban kilomita 85, kwa kuwa uwanja uko ng'ambo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Busia. Bila shida ni saa moja na nusu. Kwa busara ni saa mbili, maana malori ya miwa, mteremko wa kuingia nyanda za Kano na msongamano wa kuingia Kisumu havina ratiba. Wakati wa masika, maji yanapofurika upande wa Ahero, hata saa mbili zinaweza kutotosha.

Kaunta za kampuni nyingi kwa safari za ndani hufungwa kati ya nusu saa na dakika 45 kabla ya ndege kuondoka. Muda kamili umeandikwa kwenye tiketi, na wahudumu huufuata. Kuna pia ukaguzi wa usalama na foleni ya mizigo, hivyo kufika saa moja na nusu kabla si uoga. Kitambulisho cha taifa au pasipoti ni lazima. Kwa mtoto, beba cheti cha kuzaliwa.

Mfano: ndege ya moja kwa moja inaondoka saa tano asubuhi. Msafiri anaondoka Kericho saa moja na nusu, anafika uwanjani saa tatu na nusu, anaruka saa tano, anatua saa sita na dakika 25. Akichukua mzigo na kupata gari kutoka Port Reitz hadi mjini Mombasa, anakuwa kisiwani kama saa saba na nusu mchana. Jumla ni saa sita. Kati ya hizo, saa nne na nusu hivi ametumia akiwa chini.

Saa hizo nne na nusu ndizo kiini cha jambo, kwa sababu hazipungui hata ndege iende wapi. Msafiri wa Kericho anayekwenda Nairobi kupitia Kisumu hutumia saa mbili barabarani, moja na nusu uwanjani, dakika 50 kwenye ndege, na karibu saa moja kutoka Jomo Kenyatta hadi mjini. Hiyo ni zaidi ya saa tano. Matatu ya moja kwa moja kupitia Nakuru, kilomita 265 hivi, huchukua muda huohuo kwa sehemu ndogo ya nauli. Kwa mkazi wa Bomet mjini hesabu ni mbaya zaidi: uwanja wa Kisumu uko karibu kilomita 150 kwa kupitia Kericho, ilhali Nairobi kwa njia ya Narok ni kilomita 230 hivi. Akienda kupanda ndege Kisumu ili afike Nairobi, atafika baada ya jirani yake aliyepanda matatu.

Faida huanza baada ya Nairobi. Basi kutoka Kericho hadi Mombasa ni safari ya saa 13 hadi 15, kwa kawaida usiku kucha. Anayechanganya matatu hadi Nairobi na treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, hukaa kama saa tano hadi sita ndani ya treni yenyewe, akiongeza safari ya kufika Syokimau na ile ya kutoka Miritini. Ni safari nzuri na tiketi yake ni nafuu, ila inamaliza siku nzima. Kwa Mombasa, ndege inakata muda kwa zaidi ya nusu.

Kwa wakazi wa Bomet kuna chaguo jingine linalostahili kupigiwa hesabu: kwenda kwa gari hadi Jomo Kenyatta, karibu kilomita 250, na kupanda ndege ya Mombasa hapo. Ndege ni nyingi kwa siku, na akichelewa moja kuna nyingine. Barabara itamchukua saa tano kwa sababu ya Mai Mahiu na msongamano wa Nairobi, lakini hatategemea safari ya Kisumu ambayo huenda haipo siku hiyo. Wa Sotik na Litein wako katikati, na kwao Kisumu kwa ndege ya moja kwa moja kwa kawaida ndiyo njia fupi.

Mazishi ya Jumamosi

Safari nyingi za haraka kati ya pwani na nyumbani si za biashara. Ni za msiba. Chukua mfano wa mtu anayefanya kazi bandarini Mombasa, na mazishi ya mzazi yamepangwa Jumamosi saa nne asubuhi huko Mogogosiek. Anaona ndege ya moja kwa moja inayoondoka Mombasa saa moja asubuhi na kufika Kisumu saa mbili na nusu. Kwa macho ana saa moja na nusu mkononi.

Lakini kutoka uwanja wa Kisumu hadi Mogogosiek si chini ya saa mbili na nusu, na hiyo ni baada ya kupata mzigo na gari. Atafika saa tano na nusu, watu wakiwa wanatoka kaburini. Ndege hiyo haimfai, hata ikiruka kwa dakika iliyoandikwa. Afadhali ndege ya Ijumaa mchana, au basi la Alhamisi usiku, ambalo ni polepole kuliko vyote lakini litamfikisha.

Wazee wa ukoo wanaopanga saa ya ibada nao wanaweza kusaidia wakijua hesabu hii. Kusogeza ibada kutoka saa nne hadi saa sita kunaweza kumwezesha mtoto wa marehemu kuwahi.

Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Tiketi hutumia mfumo wa saa 24, unaoanza kuhesabu usiku wa manane. 07:00 ni saa moja asubuhi. 12:10 ni saa sita na dakika kumi mchana. 18:40 ni saa kumi na mbili na dakika 40 jioni. Hili linajulikana na wengi, lakini kosa hutokea pale mtu anapompigia simu mzee nyumbani na kumwambia “ndege ni saa saba” akimaanisha 07:00, naye mzee akajiandaa kwa saa saba mchana. Ni vyema kutaja kipindi cha siku kila mara, na kuwa makini zaidi na 00:10 au 00:30, ambayo ni usiku wa kuamkia tarehe iliyoandikwa. Ndege ya tarehe 15 saa 00:30 inahitaji abiria awe uwanjani jioni ya tarehe 14.

Mbona si Kerenga?

Swali hili huulizwa katika baraza karibu kila mwaka: Kericho ina kiwanja chake kidogo cha Kerenga, kilichozungukwa na chai, na hata kina herufi zake tatu, KEY. Kwa nini kisitumike kwa ndege za Mombasa?

Sehemu ya jibu iko hewani. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, injini hupata hewa kidogo, na ndege inalazimika kukimbia zaidi kabla ya kuruka. Ndiyo maana Eldoret, iliyo juu zaidi ya mita 2,100, ina barabara ya kurukia ya karibu kilomita tatu na nusu. Kisumu, iliyo kwenye mita 1,150 hivi, ilirefushiwa yake hadi mita 3,300 ilipofanywa uwanja wa kimataifa. Kerenga ni kiwanja cha ndege ndogo, na hakina safari za abiria zenye ratiba. Sehemu ya pili ya jibu ni abiria wenyewe: ndege ya ratiba inahitaji viti vijae siku baada ya siku, na Kisumu ikiwa saa mbili tu, viti vya Kerenga vingegombea abiria walewale.

Chai yenyewe haijawahi kungoja ndege. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka wa 1956 ulihamia Mombasa mwaka wa 1969, karibu na meli, na tangu hapo magunia ya Kericho na Bomet huteremka pwani kwa lori. Kilo ya chai haina thamani ya kulipia nauli ya anga, wala haiharibiki kwa siku mbili tatu za barabara. Maua yanayokuzwa katika ukanda huuhuu ni kinyume chake, na ndiyo yanayokimbizwa hadi Jomo Kenyatta. Wajumbe wa viwanda waliokuwa wakisafiri kwenda mnadani nao wamepungua, kwa kuwa siku hizi mnada huendeshwa kwa kompyuta.

Njia ya anga ya Kisumu na Mombasa, kwa upande mwingine, ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa 1937 ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways, zikitoka Uingereza kwenda Durban, zilikuwa zikitua ziwani Kisumu na baadaye baharini Mombasa. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 265 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 695 ni zaidi ya saa mbili na nusu.

Ukirudi

Kuna jambo la kuangalia kabla ya kulipia tiketi ya kurudi. Ndege ya mwisho ya siku kuingia Kisumu inaweza kutua giza likiwa limeingia, na magari ya abiria ya kwenda Kericho hupungua baada ya saa mbili usiku. Anayekwenda Bomet, Longisa au Mulot huenda asipate gari la kuunganisha Kericho hata akifika. Kama ndege inatua baada ya saa kumi na mbili jioni, panga mapema gari la kukuchukua au mahali pa kulala Kisumu, na uweke gharama hiyo kwenye bei ya tiketi unapolinganisha na basi. Vilevile, ukitua Mombasa ukielekea Ukunda au Diani, si lazima tena uingie kisiwani na kupanda feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu inakutoa upande wa uwanja hadi pwani ya kusini moja kwa moja.

Na ukipata kiti cha dirishani ukielekea Mombasa asubuhi isiyo na mawingu, angalia chini kama dakika kumi baada ya kupaa.